Mlinzi Aliyefungua Lango: miungu ya Faerûn na wafuasi waliopotoka

Faerûn, bara la kubuni la mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, hakuna anayebishana kama miungu ipo. Kuhani akiomba, jeraha linafunga watu wakiona. Nahodha akikataa kumtupia Umberlee sadaka baharini, jahazi likazama, kila baharia bandarini anajua nani kalizamisha. Kwa hiyo mtu wa huko akipotoka, hapotoki kwa kukosa ushahidi. Anamjua mungu wake, amekula kiapo chake, ameishi kwa nguvu zake, kisha anamgeuka. Ndiyo maana kwangu hukumu ya mfuasi mpotovu ni jambo zito kuliko vita na mazimwi yote tunayopambana nayo mezani. Na nina msimamo juu yake: hukumu ya mungu itoke katika tabia ya mungu huyo mwenyewe, na imwachie aliyehukumiwa kazi ya kufanya. Mchezeshaji anayemnyang'anya mchezaji nguvu za mhusika wake kisha akaendelea na hadithi hajahukumu chochote. Amemtoa mtu mchezoni, basi.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii: Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja ni mchezeshaji, anasimulia dunia na kuwasemea wote waliomo. Wengine kila mtu ana mhusika wake na karatasi yake, na jambo likiwa na mashaka dado la pande 20 linaamua. Faerûn ni bara katika dunia ya Forgotten Realms, aliyoanza kuibuni Mkanada Ed Greenwood akiwa mtoto, ikaja kuchapishwa kwa ajili ya mchezo huu mwaka 1987. Sisi tunachezea Kansanga, hapa Kampala, Jumapili mchana. Tunacheza kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha: kuna aliyetoka Bunia, kuna wa Arua, kuna Mnubi wa Bombo, na kuna dada aliyekuja kusoma akitokea Mombasa akabaki. Kiganda si wote wanakimudu, Kifaransa anacho mmoja, na Kiingereza ni cha kazini.

Mnubi wetu ni Mwislamu wa swala tano, na alipojiunga aliweka sharti moja: hatakaa mahali ambapo mtu anajifanya mungu na kusema "mimi" kwa sauti ya mungu. Nilikubali bila kusita, na tangu hapo mungu hasemi kwenye meza yangu. Kunatokea ishara, ndoto, mjumbe, mnyama anayekataa kupandwa. Sharti lile limetujengea mchezo kuliko kanuni yoyote iliyochapishwa. Mungu anayehutubia anageuka mara moja kuwa mchezeshaji mwenye sauti nzito. Mungu anayetoa ishara anawaacha wachezaji wabishane maana yake, na mabishano yale ndiyo imani yenyewe ikifanya kazi.

Sasa tuje kwenye sheria za huko. Mtu wa Faerûn akifa, roho yake inakwenda kwenye uwanda wa kijivu unaoitwa Fugue Plane. Hapo roho zinasubiri. Wajumbe wa miungu wanakuja kuchukua watu wao: wa Lathander kwa Lathander, wa Tyr kwa Tyr. Mashetani nao wana ruhusa ya kupita katikati ya wanaosubiri na kuwashawishi kwa mikataba, na wapo wanaokubali kwa hofu ya hukumu iliyo mbele. Wasiodaiwa na mungu yeyote wanabaki, na hao anawahukumu mungu wa wafu. Wako wa aina mbili. Kuna ambao hawakumchagua mungu yeyote maisha yao yote, na kuna wanafiki, yaani waliokiri imani kwa kinywa kisha wakaisaliti.

Wasiochagua wanabandikwa kwenye Ukuta. Ukuta huo unauzunguka mji wa mungu wa wafu, umejengwa kwa roho zilizo hai, zimeshikanishwa na kuvu ya kijani inayozila polepole mpaka hakuna aliyebaki kukumbuka jina lake. Aliyeujenga ni Myrkul, mungu wa wafu wa zamani, na ukimjua Myrkul hushangai. Mimi siutumii. Ni hukumu inayomtazama mkunga aliyezalisha kijiji kizima na mwizi aliyeuza watoto, ikaona kitu kimoja tu: hakuna jina la mungu kwenye orodha. Mwenye nyumba akikutoza kodi ya nyumba ambayo hukuwahi kuipanga, huyo hadai haki. Na miungu ya Faerûn inaishi kwa ibada, mungu asiyeabudiwa hunyauka, kwa hiyo Ukuta unawafaa wao wenyewe. Unawatisha watu waendelee kuabudu. Nadhani hata wachapishaji waliona hivyo, maana mwaka 2020, katika masahihisho ya kitabu chao cha mwongozo wa eneo la Sword Coast, maneno ya Ukuta yaliondolewa.

Lakini kabla ya kuutupa kabisa, ipo habari ya Kelemvor, na hii nampa kila mchezaji mpya kwa sababu ndani yake kuna ugumu wote wa jambo hili. Mwaka 1358 kwa hesabu ya Faerûn, Myrkul na mwenzake Bane, mungu wa udhalimu, waliiba Mbao za Hatima, vibao vilivyoandikwa kazi ya kila mungu, na Ao, aliye juu ya miungu yote, akaifukuza miungu kutoka mbinguni itembee ardhini kwa miili ya kufa. Katika fujo ile Kelemvor Lyonsbane alikuwa binadamu tu, askari wa kukodiwa. Aliuawa na mwenzake wa safari, Cyric, ambaye yeye aliishia kuwa mungu na kurithi ufalme wa wafu. Baadaye Kelemvor akampokonya Cyric kiti hicho. Akaanza kuhukumu kama mtu aliyewahi kuwa mtu: wema na majasiri aliwapa raha hata kama hawakuwa na mungu, waoga na wabaya aliwatesa.

Ukisikia hivyo unasema alhamdulillahi, hatimaye kapatikana hakimu. Lakini kilichofuata ni kwamba watu wema waliacha kuogopa kufa. Mashujaa wakajitupa kwenye vita visivyo vyao, na ibada kwa miungu mingine ikapungua kwa kuwa malipo yalipatikana bila kuomba. Miungu ikamshitaki. Kelemvor mwenyewe, akiitazama kazi yake, akaona amekuwa akihukumu kwa moyo wa Kelemvor na siyo kwa kazi ya mungu wa wafu. Akabadilika akawa hakimu asiyependelea, baridi, na chini yake Ukuta ulisimama.

Dada wa Mombasa huwa anakasirika kila tukifika hapo. Kwake ile ni habari ya mtu mwema aliyelazimishwa na wakubwa zake arudi kwenye mstari. Mimi naiona tofauti. Kosa la Kelemvor halikuwa huruma, lilikuwa kuwahukumu wafuasi wa watu wengine kwa kipimo chake. Mlinzi aliyemwasi mungu wake Helm amemkosea Helm, na ukimlipa raha kwa sababu wewe binafsi unapenda ujasiri, umefuta kile alichokuwa nacho na mungu wake, kizuri na kibaya chake.

Wanafiki ndio wanaonivutia zaidi, kwa sababu hao walikuwa na uhusiano wa kuvunja. Na hapa ndipo wachezeshaji wengi wanapoharibu. Kuanzia matoleo ya kale ya mchezo, paladini, yule shujaa wa kiapo, akitenda uovu kwa makusudi anapoteza nguvu zake. Kanuni ni nzuri, ila imezaa tabia mbaya sana: mchezeshaji anamtegea paladini mtego. Anamwekea mtoto wa goblin, jamii ya viumbe wanaohesabika waovu, aliyeachwa yatima, amuue akose, amwache akose, kisha anatangaza kwa furaha kuwa umeanguka. Nimekaa kwenye meza za namna hiyo. Hakuna mungu pale. Kuna mtu mmoja anayetaka kushinda mchezo ambao hauna mshindi.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilikuwa na kitu ambacho naendelea kukitumia hata leo tukicheza toleo jipya. Ni dua ya toba, ya ngazi ya tano kwa kuhani. Aliyepotoka lazima ajute kweli. Ikiwa alitenda kwa kulazimishwa au bila kujua, kuhani anamwombea na mambo yanaisha. Lakini ikiwa alitenda kwa kusudi, kuhani anayemwombea anapoteza pointi 500 za uzoefu wake mwenyewe. Siyo mkosaji anayelipa, ni mwombezi. Anapunguziwa sehemu ya alichojifunza kwa damu na jasho ili wewe urudi. Mezani hilo lina uzito wa ajabu. Mchezaji mmoja anamtazama mwenzake na kuuliza, je, huyu anastahili zangu 500? Na yule anayehitaji kuombewa hana budi kukaa hapo asikilize jibu.

Rafiki yetu wa Arua alipoisikia kanuni hiyo mara ya kwanza alisema moja kwa moja, "Hii ni mato oput." Ameishi Gulu miaka mingi, anajua anachosema. Kwa Waacholi, mtu akiua wa ukoo mwingine, deni halibaki kwake peke yake. Ukweli unasemwa wazi, koo mbili zinazungumza, fidia inalipwa na ukoo, kisha pande zote zinakunywa maji machungu ya mzizi wa mti wa oput kutoka kibuyu kimoja. Mwaka 2007 makubaliano ya Juba, kati ya serikali ya Uganda na waasi wa LRA, yaliutaja utaratibu huo kwa jina miongoni mwa njia za haki za jadi. Na kabla haujafanyika, kuna cen, roho ya aliyeuawa vibaya, inayomwandama muuaji na hata watu wa nyumbani kwake. Ukitafuta kwenye michezo kitu kinachofanana na cen, utakipata RuneQuest, mchezo wa mwaka 1978 unaochezwa katika dunia ya Glorantha aliyoibuni Greg Stafford. Huko kila mungu ana roho zake za kisasi, na anayeliasi hekalu anafuatwa nazo, hizo na si nyingine, kwa namna inayolingana na mungu aliyemwacha. Hiyo naiheshimu kuliko Ukuta. Walau anayekufuata anakujua.

Waganda nao wana Kibuuka. Anatoka visiwa vya Ssese, ndugu yake Mukasa wa ziwani, akatumwa kumsaidia Kabaka Nakibinge dhidi ya Wanyoro. Alipigana akiwa juu ya wingu, akimimina mishale na mikuki. Alikuwa ameonywa asijihusishe na wanawake wa Kinyoro wala asiseme anakojificha. Alichukua mwanamke mateka, akamwambia, mwanamke akatoroka akaenda kusema, na siku ya vita mishale ikaelekezwa mawinguni. Kibuuka alianguka kwenye mti pale Mbale ya Mawokota. Hakuna aliyekaa kitini kumhukumu. Onyo lilikuwa ndiyo hukumu yenyewe, lilikaa likisubiri. Na baada ya hapo hakufutwa: alijengewa hekalu hapohapo alipoangukia, akaombwa kama mungu wa vita kwa vizazi. Mabaki yake yalipelekwa Cambridge enzi za ukoloni na yakarudishwa Uganda mwaka 1962. Mwasi aliyekufa kwa uasi wake, na bado watu wake wakamhitaji. Kila ninapoandaa anguko la mhusika, namkumbuka huyu.

Sasa nieleze lango, maana ndilo lililonifanya niandike.

Rafiki wa Bunia anamwendesha paladini wa Helm. Helm ni mungu wa walinzi, nembo yake ni glavu ya chuma yenye jicho, na sifa yake kuu ni kutii lindo. Katika ule mwaka wa miungu kutembea ardhini, Ao alimweka Helm kulinda Ngazi ya Mbinguni, asipite mungu yeyote bila Mbao za Hatima. Mystra, mungu wa uchawi, alitaka kupita bila hizo Mbao. Helm alimuua. Watu walimchukia kwa miaka mingi kwa sababu hiyo, na yeye hakuwahi kuomba radhi, kwa kuwa lilikuwa lindo lake. Huyo ndiye mungu ambaye mchezaji wangu alimchagua kwa hiari yake.

Paladini huyo alikuwa zamu ya usiku kwenye lango la mji wenye ngome. Amri ya kamanda ilikuwa wazi: lango halifunguliwi mpaka alfajiri, kwa kuwa majasusi wa adui wako njiani. Usiku wa manane wakaja watu, wanawake na wazee wengi, wanakimbia kijiji kilichochomwa, na nyuma yao mienge ya wanaowafukuza inaonekana. Niliuliza anafanya nini. Alilisukuma dado pembeni.

"Sirushi. Nafungua."

Dada wa Mombasa, ambaye mhusika wake ni mwizi asiye na mungu wa maana, akamwambia, "Kaka, wewe umeapa."

"Niliapa kulinda watu. Hizo mbao za lango sikuziapia."

Hakuna aliyecheka wala kusema neno. Kila mmoja mezani anajua jinsi alivyovuka mpaka kuingia Uganda, akiwa mdogo, na kwamba upande wa huku kuna mtu aliyewaruhusu kupita. Mimi nilikuwa na majukumu mawili ambayo sikuweza kuyaacha. Watu waliokolewa. Na jasusi mmoja aliingia pamoja nao, akachoma ghala la nafaka kabla ya kupambazuka, walinzi wawili wakafia humo. Nilikuwa nimeandika kuwepo kwa jasusi kabla ya mchezo kuanza. Kumfuta kwa sababu mchezaji ameigusa mioyo yetu kungekuwa kumdanganya.

Ningeweza kumvua paladini kila kitu. Kanuni zinaruhusu, na ni kweli alivunja lindo kwa kusudi, macho makavu. Ningeweza pia kusema Helm amefurahishwa na huruma yake, na wote tungekwenda nyumbani tukiwa na raha. Lakini Helm hajulikani kwa huruma. Tungekuwa tumempa mungu wa mtu mwingine, kama alivyofanya Kelemvor. Nilijiuliza swali moja tu: mungu ambaye hajui kitu isipokuwa kulinda, akimwona mlinzi aliyefungua lango, anamwambia nini?

Asubuhi, jicho kwenye ngao ya paladini lilikuwa limefumba. Mikono yake haikuponya tena. Na upande wa ndani wa ngao, mahali mkono unaposhika, kulikuwa na majina yamechorwa kwenye chuma, la kila mtu aliyepita langoni usiku ule, kwa mpangilio waliopita. Jina la jasusi lilikuwemo, kati ya la bibi kizee na la mtoto wa miaka minne.

Tulibishana maana yake mpaka giza likaingia. Wa Arua, ambaye mhusika wake ni kuhani wa Ilmater, mungu anayebeba mateso ya wengine, akajitolea palepale kulipa zile pointi 500. Niliruhusu ajaribu. Dua haikufika, mshumaa wake ulizimika. Mnubi wa Bombo ndiye aliyeng'amua: "Hajamaliza zamu. Mmoja akipata pa kukaa salama, jina litafutika. Wote wakifutika, ndipo umwombee." Rafiki wa Bunia aliitazama karatasi yake muda, akasema, "Kwa hiyo Helm hanisamehe wala haniui. Ananipa zamu." Akachukua kalamu akaanza kuandika majina pembezoni mwa karatasi.

Tangu hapo amekuwa akiwatafutia watu hao nyumba, shamba, mganga, mahari iliyobaki kijijini. Vita tumepigana vichache na hakuna aliyelalamika. Jina la jasusi lilikuja kuwa gumu kuliko yote. Umati wa wenye ghala ulimkamata ukataka kumnyonga, na paladini, asiye na nguvu hata moja ya mbinguni, alisimama mbele ya mlango wa gereza na upanga wa kawaida, kwa sababu mtu huyo naye aliingia kwa mkono wake. Akampeleka mbele ya hakimu wa mji, akatoa ushahidi dhidi yake, na akalala nje ya seli kila usiku mpaka kesi iishe. Mwizi wa Mombasa alimsaidia kulinda. Yeye ambaye hana mungu.

Kesi haijaisha, na kuna majina mengine bado hayajafutika. Lakini limezuka jambo ambalo wachezaji wenyewe wamelileta mezani. Kamanda aliyetoa amri lango lisifunguliwe naye ni mfuasi wa Helm, ana nembo ileile. Yeye alitii. Dada wa Mombasa anataka kujua kama ngao yake bado ina jicho wazi. Wa Bunia, kinyume na nilivyotarajia, anamtetea: anasema Helm hawezi kumwadhibu mtu kwa kutii wakati yeye mwenyewe alimuua Mystra kwa kutii. Wa Arua anasema amri ya kwenye Ngazi ilitoka kwa Ao, na hii ilitoka kwa binadamu aliyeogopa kupoteza cheo, kwa hiyo hazifanani. Mimi nimeshaamua jibu, nimeliandika na kulifungia kwenye bahasha, kama nilivyofanya kwa jasusi. Jumapili ijayo paladini anakwenda kumripoti kamanda huyo idadi ya majina yaliyobaki, na kamanda atampokea akiwa amevaa glavu ya mkono wa kulia ambayo hajaivua tangu usiku wa lango.